Mstari Ndani ya Kofia ya Kiskoti

Mwanamke yule nilimchukia kabla hajanikosea, kwa hiyo siku aliponikosea kweli sikupata kazi ya kuanza upya. Tulikutana kwenye duka la nyuzi, mwezi wa pili, theluji ikiwa imelala barabarani imegeuka nyeusi. Nilikuwa nimeshika bonge la sufu nalinusa, kama mama alivyonifundisha, ili nijue ni kondoo kweli au ni plastiki iliyotiwa rangi. Akaja akasimama karibu yangu kuliko inavyoruhusiwa hapa Marekani, akaniuliza, "Unafuma?"

"Hapana," nikamjibu. "Nyuzi nazila."

Akacheka. Laiti angenuna na kwenda zake, maisha yangu yangekuwa mepesi zaidi. Lakini alicheka, akaniangalia mikono, akasema ana kazi ya mtu anayejua kufuma kwa sindano tano. Mimi najua kufuma kwa sindano tano tangu nina miaka minane. Nilijifunzia spoku za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe, kule Makete, ambako baridi ya mwezi wa sita huwaamsha watu kabla ya jogoo. Nikamwambia naweza.

Alikuwa mwalimu mstaafu, mkazi wa Inver Grove Heights, mji wa jirani, mrefu, mwenye nywele nyeupe na vidole vilivyojikunja ambavyo alipenda kuvificha mifukoni. Kiangazi alikuwa na hema lake la kuuza mavazi ya zamani kwa watu wanaoigiza vita. Nieleze hapo, maana hata mimi nilitaka nielezwe mara mbili. Kuna watu hapa, wengi wao madaktari wa meno na mafundi wa kompyuta, ambao siku za kazi huvaa suruali kama watu wengine. Jumamosi za kiangazi huvaa sketi za miraba, hubeba magobore, na kupigana upya vita ambavyo Waskoti walishindwa zamani sana. Kila mwaka wanashindwa tena. Na kwa kuwa wanataka kushindwa kwa usahihi, hawavai kofia ya dukani. Wanataka kofia ya bluu iliyofumwa kwa mkono, bapa na ya duara, yenye kishungi chekundu katikati, kama zile zilizovaliwa na wakulima wa wakati ule.

Ya kwanza niliiharibu. Nilipewa picha, nikapima kichwa cha mume wangu, nikafuma kofia iliyomkaa sawasawa, kwa sababu nilifundishwa kwamba nguo isiyomkaa mtu ni aibu ya aliyeifuma. Kisha nikafanya kama nilivyoagizwa: nikaitia kwenye maji ya moto na sabuni, nikaikanda kama unga wa maandazi. Ikatoka ndogo, nene, ngumu, ya kutosha kichwa cha paka. Na sufu ikishashikana hivyo haifumuliki tena. Mwanamke yule aliponiona nayo alicheka mpaka akakaa kitako. Hakuniambia mwanzoni kwamba kofia hiyo lazima ifumwe kubwa kama ungo, ndipo ikandwe irudi kwenye kipimo cha kichwa. Alidhani kila mtu anajua. Nilimwekea hilo moyoni.

Basi nikajifunza. Nilifuma makofia yaliyonifunika mpaka mabegani, nikayakanda kwenye sinki la jikoni kwetu, mtaa wa Phillips, hadi mikono ikawa myekundu, nikayasuuza kwa maji baridi, nikayavalisha sahani za chakula ili yakauke yakiwa bapa. Ikawa ukifungua kabati hukuti sahani. Ziko juu ya friji zimevaa kofia. Mume wangu, mtu mpole ambaye hasira yake yote huishia kwenye kukohoa, alikohoa wiki nzima.

"Mama, nyumba inanuka kondoo," akasema mwishowe.

"Kwani kwenu mlifuga nini?"

"Tulifuga. Ila hatukulala nao."

Kwa nini niliendelea? Alinilipa vizuri, hilo sitamnyima. Lakini sababu yenyewe ni nyingine, na naisema bila haya. Nafanya kazi maabara ya hospitali. Damu za watu hunifikia kwa dirisha dogo, majibu hutoka kwa kompyuta, na hakuna mgonjwa hata mmoja anayejua kwamba kuna mwanamke kutoka Makete aliyekaa na damu yake asubuhi nzima. Sina ugomvi na hilo, ndiyo kazi. Lakini kofia unaishika. Unaiona kichwani mwa mtu, unasema moyoni, hii nimeitoa kwenye kitanzi cha kwanza mimi. Nilitaka kitu kimoja katika nchi hii ambacho mtu akikishika anauliza nani kakitengeneza, na jibu liwe mimi.

Hapohapo, mbele ya watu wangu, niliifichaficha kazi hiyo. Tunasali Burnsville, mji mwingine wa jirani, Watanzania kadhaa na familia zao. Baada ya ibada sote hukaa kwenye ukumbi wa chini na chai na chapati, na mimi hukaa nafuma. Kuna mama mmoja pale, mkubwa kwangu, mwenyeji wa Njombe, aliyewahi kufundisha shule ya Makete na kumjua mama yangu. Macho yake hayapitwi na kitu.

"Unafuma nini mwanangu, kila Jumapili bluu, bluu?"

"Shikamoo mama. Kofia za watoto wachanga. Za hospitali."

"Marahaba. Watoto wa Marekani wana vichwa vikubwa kweli."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Sikutaka waambiane kwamba yule msomi wetu, aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi na kuhitimu, amegeuka fundi wa kofia za wazungu wazima wanaovaa sketi. Niliona aibu. Nikisema leo nilikuwa na haki ya kukasirika, na hili lazima nilitaje.

Sasa mstari. Shuleni kwetu watoto wote tulivaa sweta la aina moja, la kijivu, lililofumwa nyumbani. Masweta mia mbili ya kijivu yakitupwa kwenye nyasi wakati wa michezo, nani atajua lipi la nani? Kwa hiyo kila mama alikuwa na rangi yake. Alifuma safu mbili za rangi hiyo ndani ya pindo, mahali pasipoonekana, na sweta likipotea lilirudi kwa kugeuzwa pindo tu. Mama yangu alikuwa na kijani. Kijiji kizima walijua kijani ni chake, na hapakuwa na mwanamke mwingine aliyethubutu kukitumia. Binti akiolewa anachagua rangi yake mwenyewe, na anaipata ya mama yake siku mama anapoweka sindano chini, akamwita, akamkabidhi bonge la uzi mkononi mbele ya watu. Hapo ndipo anahesabika kwamba amefundishika.

Mimi nilichagua njano. Mwaka ambao mikono ya mama ilianza kutetemeka nilimpigia simu, nikamwambia kwa utani ambao haukuwa utani, "Mama, si unipe sasa kile kijani."

"Rangi haitumwi kwa simu," akasema. "Njoo uichukue."

Nilikuwa na zamu. Nilikuwa na mtihani wa leseni. Kisha nikawa na zamu tena. Mama alikuwa na hasira na mimi ya miaka mingi, hasira ya kunyamaza, na mimi nilikuwa na yangu, kwamba kila nikipiga simu ananiuliza narudi lini kabla hajaniuliza kama ni mzima. Tulinuniana hivyo katika mabara mawili. Alipofariki nilifika siku mbili baada ya maziko. Bonge la kijani lilikuwa limewekwa kwenye kikapu chake na dada zangu hawakuligusa, nami sikuligusa. Niliporudi huku, kanisa lilikaa nami msibani, na yule mama wa Njombe alinisogelea, akaninong'oneza, "Ulikabidhiwa?"

Nikainamia kikombe changu. Akanipapasa goti, akaenda kumimina chai.

Basi katika kila kofia ya Kiskoti niliyofuma, ndani ya pindo linalobana kichwa, niliweka safu mbili za njano. Sikupanga. Mikono ilifika kwenye pindo ikatafuta uzi wa pili yenyewe. Pindo hukunjwa kwa ndani, likashonwa, mstari hauonekani. Mwanamke wa Inver Grove Heights hakuuona kwa misimu mitatu, na hilo linaonyesha alikuwa akikagua nini.

Msimu wa nne aliniagiza kofia kumi na mbili kwa mpigo, za kikosi kizima, akaniomba nimsindikize kwenye uwanja wao, Jumamosi moja ya kiangazi, nikaone kazi yangu ikivaliwa. Hayo maneno aliyasema yeye: kazi yangu. Nilivaa gauni zuri. Nilipaka hata wanja.

Uwanja ulikuwa na mahema meupe, moshi, zumari za mifuko zinazolia bila kupumua, na wanaume wenye magoti mekundu. Nilikaa nyuma ya meza ya hema lake nikinywa chai. Kofia zangu kumi na mbili zilikuwa zimepangwa mbele, na kila moja ilikuwa na lebo ndogo ya karatasi ya kahawia iliyofungwa kwa uzi. Nikaichukua moja nikaisoma. Iliandikwa kwamba kofia hii imefumwa kwa mkono na bibi mzee katika nyumba ya mawe huko Uskoti, kwa jinsi alivyofundishwa na bibi yake.

Nikaisoma tena. Nikasoma na ya pili, na ya tatu, kana kwamba huenda mojawapo ilimkosa huyo bibi. Zote zilikuwa naye.

Kabla sijafungua kinywa akaja mkaguzi. Kikosi chao kina mtu wa kazi hiyo, mfupi, mwenye miwani inayoning'inia shingoni, ambaye hupita akichungulia watu vifungo na viatu, na akikuta uzi wa cherehani anakutoa uwanjani. Hakunisalimia. Alichukua kofia, akaipima kwa vidole, akaibonyeza, akatikisa kichwa kwa namna ya kukubali. Kisha akaingiza kucha kwenye pindo, akaligeuza. Njano ikatoka.

"Hii nini?" akauliza.

Mwanamke akavaa miwani, akainama. Niliona uso wake ukitafuta pa kukimbilia, na nikaona umepapata.

"Ah, bibi yangu maskini," akasema. "Macho yake yamechoka siku hizi. Atakuwa amechanganya nyuzi."

Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake, kikombe mkononi.

"Huyo bibi ni mimi," nikasema. "Na macho yangu ni mazima."

Nilitegemea nini? Nadhani nilitegemea aibu. Mkaguzi aliniangalia kwa mara ya kwanza, kutoka wanja mpaka viatu, kisha akairudisha miwani kwenye kofia. "Kama ni wewe, basi iondoe," akasema. "Hakuna kofia ya wakati ule yenye mstari huo. Siwezi kuwaingiza watu wangu uwanjani na mstari huo." Akageuza ya pili, na ya tatu, akizirusha mezani moja baada ya nyingine, na kila moja njano ikimtazama. Hakusema neno kuhusu bibi wa nyumba ya mawe. Kudanganywa na binadamu hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni uzi.

Siku ile kikosi kiliingia vitani na kofia za mwaka juzi, ambazo pia nilizifuma mimi, ambazo pia zilikuwa na njano ndani, vichwani mwao, na hawakujua. Niliwatazama wakianguka mmojammoja kwenye nyasi, wakijipangusa, wakiinuka. Hilo ndilo pekee lililonifurahisha.

Alinirudisha nyumbani kwa gari lake. Nilikuwa sina njia nyingine, la sivyo ningetembea. Tulivuka daraja la mto. Baada ya daraja akaanza.

"Lazima uelewe, watu hawanunui kofia. Wananunua hadithi."

"Hadithi yangu ilikuwa na ubaya gani?"

Akafikiri. Kwa kweli alifikiri, kwa nia njema, na nia njema yake ndiyo iliyonichefua. "Hapana, hata hiyo inaweza kuuzika," akasema. "Tunaweza kuandika, imefumwa na mwanamke mkimbizi kutoka Afrika. Mjane, labda. Watu wangependa sana."

"Mume wangu yuko nyumbani anapika wali," nikamwambia. "Na mimi nilikuja na viza na masanduku mawili. Andika, imefumwa Phillips na mtu wa maabara."

"Hiyo haina kitu ndani yake."

"Mimi nimo ndani yake."

Tukafika kwenye taa za barabarani za mtaa wetu. Hapo akasimamisha gari, akatoa mikono kwenye usukani, akaiweka mapajani, na vidole vyake vikajikunja kama vilivyozoea. Akasema bibi wa nyumba ya mawe hakumtunga. Alikuwa bibi yake mwenyewe, aliyemfundisha kufuma kofia zilezile akiwa mtoto, akafa zamani. Yeye alifuma hadi vidole vilipokataa. Akasema akiuza kofia bila kumtaja bibi huyo anahisi amemzika mara ya pili.

Nilimsikia. Nisiandike kwamba sikumsikia. Nilijua maana ya maneno yake kuliko mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye gari lile. Lakini moyo wangu haukulainika hata kidogo, na sijutii. Aliyekufa wake alikuwa anakula jasho langu, na wangu alikuwa hana hata lebo.

"Basi mtafute mfu wako afume," nikasema, nikashuka. Mlango niliufunga kwa nguvu. Mume wangu dirishani alikohoa.

Wiki mbili zikapita. Alinitumia ujumbe, sikujibu. Kisha Jumamosi asubuhi nikasikia hodi ya ngumi. Alikuwa kwenye baraza amekumbatia sanduku la karatasi, uso mwekundu.

"Umezifuma ndogo," akasema.

Nikamwacha hapohapo barazani, sikumkaribisha ndani, jambo ambalo mama yangu angenichapa kwalo. Nikafungua sanduku. Kofia kumi na mbili zilikuwa zimekuwa bluu nzito karibu na nyeusi, nene kama zulia, na kila moja ilikuwa imejikusanya, imepungua kwa vidole vitatu au vinne. Hazikuhitaji maelezo. Alitaka kuua mstari wa njano bila kunihitaji, akazitia zote kwenye sufuria la rangi ya bluu, akazichemsha. Mwalimu wa kofia, mwenye hema lake, mjukuu wa bibi wa nyumba ya mawe, alisahau kwamba sufu iliyokwisha kukandwa inaendelea kukunjamana kila ikionja maji ya moto, na hasa ikikorogwa. Nikakumbuka kofia yangu ya kwanza ya kichwa cha paka, na jinsi alivyokaa kitako akicheka. Nilikuwa na nafasi ya kucheka. Nilishindwa kuitumia, maana nilikuwa nimegeuza pindo.

Mstari ulikuwa kijani.

Ni jambo la kawaida, mtoto wa chekechea analijua: njano ukiitia bluu inakuwa kijani. Lakini sikuwa nimejiandaa. Ilikuwa kijani kilekile, cha majani ya viazi yakianza kuiva, kijani cha mama, safu mbili. Nikageuza nyingine. Kijani. Nyingine. Nikajikuta nimekaa kwenye ngazi ya baraza na kofia mapajani, na yule mwanamke amesimama juu yangu akieleza kwamba rangi haikukubali, kwamba mkaguzi amezikataa tena, kwamba hakuna mwanaume ambaye zinamtosha kichwani, kwamba onyesho kubwa limebaki siku kumi na lazima nifume upya, bila mstari, yeye atatafuta namna ya kuandika lebo tutakayokubaliana.

Nilichohisi kwanza ni hasira, na naomba isidhaniwe ni kitu kingine. Nilihisi nimeibiwa. Mama alininyima rangi ile kwa kinywa chake, alisema njoo uichukue, sikwenda. Kwa hiyo sikuwa nayo, na ilikuwa haki nisiwe nayo. Sasa mtu aliyekuwa akijaribu kunifuta amechovya mkono kwenye sufuria akanirushia mlangoni mara kumi na mbili.

"Sifumi," nikasema.

"Hata nikiandika jina lako?"

Hapo ndipo aliponipa nilichokuwa nakitaka tangu duka la nyuzi. Alikisema kwa sauti ya mtu anayetupa mfupa, na bado alimaanisha, kwa maana alikuwa amekwama. Kama angelisema uwanjani mbele ya mkaguzi ningemfumia hadi vidole vyangu navyo vikunjike. Nilimtazama, nikaona hanioni mimi. Anaona siku kumi.

"Hata ukiandika," nikasema. "Ila hizi unaziacha."

"Za nini? Zimeharibika."

"Ndiyo maana."

Akaziacha. Akashuka ngazi bila kuaga, na sijamwona tena tangu siku ile. Sikuuliza kikosi kilivaa nini siku ya onyesho, wala kama bibi wa Uskoti alipata fundi mwingine. Yupo, bila shaka. Wako wengi huku wanaojua kufuma na wasiojua kusoma lebo.

Kofia zilikaa kwenye sanduku chini ya kitanda mwezi mzima. Mume wangu aliniuliza mara moja tu, "Mama, hizo tunazitupa?" Nikamwangalia. Hakuuliza tena. Nilizitoa siku moja nikajaribu moja kwenye kioo cha bafuni. Kichwa cha mwanaume wa kikosi haingekitosha. Changu ilikikaa, sawasawa, kama nguo iliyopimwa.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi, baridi imeanza kuuma, niliivaa kwenda Burnsville. Pindo nililigeuza nje, safu mbili za kijani kwenye paji la uso. Kishungi chekundu sikukitoa. Niliingia ukumbini baada ya ibada, mazungumzo yakapungua kidogo, na yule mama wa Njombe akaweka kikombe chake chini.

"Bwana asifiwe mwanangu. Na hiyo kofia?"

"Amina mama. Ni ya wanaume wa Kiskoti, wa kuigiza vita. Zile za watoto wachanga nilikudanganya. Miaka yote nilikuwa nafuma hizi. Nimeifuma mimi."

Kuna waliocheka. Mama hakucheka. Alikuwa haangalii kofia, anaangalia mstari. Akanyoosha kidole, akaugusa, kitanzi kimoja kimoja, kama anausoma.

"Hiki ni cha mama yako."

"Ndiyo."

"Alikukabidhi lini?"

Ukumbi mzima ulikuwa unasikiliza sasa, hata watoto, ambao Kiswahili chetu hukielewa wanapotaka. Nilikuwa na uongo tayari mdomoni, mzuri, wa simu ya mwisho na baraka za mwisho. Ungenifaa sana.

"Hakunikabidhi," nikasema. "Nimechukua."